Jani Linaloonekana Kutoka Angani

Mwaka 1979 Marekani ilirusha NOAA-6, setilaiti ya hali ya hewa iliyobeba kipima mwanga cha kutazama mawingu na joto la bahari. Njaa haikuwa kwenye hesabu ya waliokitengeneza. Nukta moja ya picha zake ilifunika zaidi ya kilomita nzima ya ardhi. Landsat, iliyokuwa angani tangu 1972, ilikuwa na macho makali zaidi, ila ilirudi mahali palepale kila baada ya siku 18, na wingu likitanda siku hiyo, kazi imeharibika. NOAA ilipita kila siku.

Faida hiyo ilionwa na Compton Tucker, mtafiti wa kituo cha Goddard cha NASA. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula cha mmea, na hurudisha juu kwa wingi mionzi ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Udongo mtupu hauna tabia hiyo. Chukua tofauti ya miale hiyo miwili, igawe kwa jumla yake, utapata namba inayoonyesha kijani kimekolea kiasi gani. Wataalamu huiita NDVI. Tucker na wenzake waliijaribu kwenye malisho ya Senegal, na mwaka 1985 wakachapisha ramani ya uoto wa Afrika nzima.

Miaka hiyohiyo Ethiopia ilikuwa ikizika watu kwa malaki. Ukame ulikuwepo, lakini vita vya kaskazini na ukatili wa serikali ya Derg ndivyo vilivyougeuza kuwa maangamizi. Dunia ilishtuka Oktoba 1984, picha za njaa kutoka mji wa Korem zilipoonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha FEWS, mtandao wa tahadhari ya mapema, leo FEWS NET, ukiunganisha namba za setilaiti na habari za mvua, mavuno na bei za sokoni.

Mtihani mkubwa ulikuja 2010. Kuanzia Agosti wachambuzi walionya kwamba hali ya hewa iitwayo La Niña ingeikausha vuli ya Pembe ya Afrika. Vuli ikakauka. Masika ya 2011 nayo yakawa haba, na maonyo yakazidi. Misaada mingi ilisubiri hadi Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa katika Bakool na Shabelle ya Chini, nchini Somalia, tarehe 20 Julai 2011. Wapiganaji wa Al-Shabaab walikuwa wamezuia mashirika ya misaada, na wafadhili wakahofia fedha zao kuangukia mikononi mwao. Utafiti wa baadaye ulikadiria kuwa Somalia ilipoteza watu wapatao 258,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Karibu mwaka mzima ulipita kati ya onyo la kwanza na tangazo hilo, na mimi sioni namna ya kuusamehe.

Kenya ilijaribu kufupisha muda wa aina hiyo kwa kuifungamanisha namba na fedha mapema. Januari 2010 wafugaji wa Marsabit walianza kuuziwa bima ya mifugo inayolipa malisho yakionekana kukauka kutoka angani, na Oktoba 2011 walilipwa kwa mara ya kwanza. Mamlaka ya ukame, NDMA, iliyoundwa mwaka huohuo wa 2011, hulinganisha kijani cha sasa na cha miaka iliyopita katika kila kaunti kame. Kipimo kikishuka chini ya 35 kwa 100, mlango wa fedha za dharura unaweza kufunguliwa bila kungoja mizoga.

Setilaiti hudanganyika pia. Mathenge, mti vamizi uliotapakaa Turkana na Baringo, hubaki kijani hata ng'ombe wakikosa nyasi. Ndiyo maana NDMA bado hutuma watu vijijini kuuliza bei ya mbuzi, kiasi cha maziwa na umbali wa maji, na kupima unene wa mikono ya watoto.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tovuti ya FEWS NET ikazimwa kwa miezi kadhaa. Setilaiti hazikuacha kupita, na data zake nyingi hutolewa bure. Gharama iko kwa wachambuzi na kwa wale wanaozunguka vijijini. Nairobi, Addis Ababa, Mogadishu na Dodoma ziwalipe watu hao kutoka bajeti zao wenyewe, kuanzia mwaka huu wa fedha.