Mshale, Mwaka na Meno ya Bolti: Utambuzi wa Zana za Magari ya Kijeshi ya Uingereza kama Ushahidi wa Historia ya Afrika Mashariki, 1939–1951

Historia ya madereva na mafundi Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia imeandikwa kwa uhaba. Vikosi vya KAR vilipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944, na nyuma ya vikosi hivyo kulikuwa na malori na watu wa kuyaendesha na kuyatengeneza. Hata hivyo, masimulizi ya vita hujishughulisha zaidi na makamanda kuliko na gereji. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayekutana na spana, jeki au dumu la petroli lenye alama ya kijeshi hushawishika kulichukulia kama shahidi aliyekosekana katika maandishi. Insha hii inajadili kile ambacho shahidi huyo anaweza kukisema, na hasa kile anacholazimishwa kusema.

Alama ya msingi ni mshale mpana, yaani mistari mitatu inayokutana kwenye ncha moja, ambayo kwa karne kadhaa imekuwa ishara ya mali ya serikali ya Uingereza. Sheria ya Bohari za Umma ya mwaka 1875 ilifanya kuwa kosa kuigonga alama hiyo bila idhini au kuifuta. Kwa hiyo spana iliyosuguliwa kwa tupa mahali pale pale ambapo alama hugongwa kwa kawaida nayo ina jambo la kueleza, ingawa jambo hilo huenda lisimpendeze mwenye nayo. Mataifa ya Jumuiya ya Madola yaliutofautisha mshale kwa herufi: Kanada iliuzungushia herufi C, Afrika Kusini iliuweka ndani ya herufi U, na Australia iliuweka katikati ya herufi mbili za D. Tofauti hizi si mapambo. Wanajeshi wa Afrika Kusini walishiriki kampeni ya Afrika Mashariki ya mwaka 1940–1941, hivyo zana yenye mshale ndani ya U inayopatikana kaskazini mwa Kenya hufungua swali tofauti na lile la zana yenye mshale mtupu.

Chini ya mshale mara nyingi huwa pana mwaka, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mwaka ulioinuka juu ya chuma ulitokana na kalibu ya kufulia, na hauwezi kuongezwa baadaye bila kuharibu uso wa zana. Mwaka uliogongwa kwa patasi ya alama baada ya chuma kupoa unaweza kuongezwa wakati wowote na mtu yeyote, akiwamo mfanyabiashara wa leo anayejua kwamba 1942 huuzika kuliko 1952.

Pale ambapo mwaka haupo au una shaka, vipimo husema kweli zaidi. Spana za Kiingereza za mfumo wa Whitworth zilitajwa kwa kipenyo cha bolti, si kwa upana wa mdomo wa spana. Spana iliyoandikwa 1/2 W hufungua nati yenye upana wa takriban inchi 0.92, jambo ambalo humchanganya kila anayeishika kwa mara ya kwanza. Wakati wa vita, vichwa vya bolti na nati vilipunguzwa ukubwa ili kuokoa chuma, na nati ya nusu inchi ikashuka hadi inchi 0.82, kipimo kilichokuwa tayari cha 7/16 W. Malori ya Ford na Chevrolet yaliyotoka Kanada, kwa upande wake, yalihitaji spana za vipimo vya Kimarekani, vinavyohesabu upana wa nati yenyewe. Mwezi Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya mfumo mmoja wa meno ya bolti. Baadhi ya wakusanyaji huhitimisha kwamba spana ya Kiingereza yenye kipimo cha upana wa nati lazima iwe ya baada ya mwaka huo. Hitimisho hilo halikubaliki, kwa kuwa malori ya Kanada yalikuwa yamekwisha kuzilazimisha gereji za Kiingereza kuwa na spana za aina hiyo vita vikiendelea. Kinachokata shauri zaidi ni namba ya bohari: namba yenye tarakimu 13 ni ya miaka ya 1950 na kuendelea, na tarakimu za tano na sita hutaja nchi, 99 ikiwa ya Uingereza.

Mfano wa Kongwa unaonesha uzito wa suala hili. Mradi wa karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliendeshwa kwa kiasi kikubwa na mitambo iliyobaki vitani. Matrekta yaliletwa kutoka mabohari ya ziada ya ng'ambo, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki yaliyoitwa Shervick. Ikiwa spana yenye mshale na mwaka 1943 itaokotwa Kongwa, Urambo au Nachingwea, alama zake zitathibitisha kwamba ilifuliwa mwaka 1943 kwa ajili ya jeshi. Hazitathibitisha kwamba askari wa Tanganyika aliishika Burma na kurudi nayo. Huenda iliingia nchini miaka minne baadaye, ndani ya sanduku la trekta, ikashikwa na kibarua ambaye hakuwahi kuvaa sare. Kumpa askari zana hiyo ni kumnyang'anya kibarua huyo, ambaye historia yake nayo ina uhaba uleule wa maandishi.

Mahali kilipopatikana kifaa, pamoja na kumbukumbu ya aliyekuwa nacho, vinapaswa kuandikwa kabla ya kutu kusafishwa. Katika makusanyo mengi utaratibu huo hugeuzwa: kifaa husuguliwa hadi ing'ae, kisha ndipo huulizwa kilitoka wapi.