Jicho katika Kazi ya Sikio

Isimu imezoea kulichukulia sikio kuwa mlango pekee wa usemi. Historia ya majaribio yaonyesha vingine. Mwaka 1928 P. T. Young alieleza alivyovaa chombo kilichopeleka sauti za kulia katika sikio la kushoto, na za kushoto katika la kulia. Alipofumba macho, pande ziligeuka. Alipokiona chanzo cha sauti, mara nyingi jicho liliirudisha sauti mahali pake.

Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliunganisha sauti «ba» na picha ya midomo itamkayo «ga»: watu wazima wengi walisikia «da». Mwaka 2002 Salvador Soto-Faraco na wenzake walionyesha kwamba taa ikienda kinyume cha sauti, msikilizaji mara nyingi hudhani sauti imeifuata taa. Hatimaye, mwaka 2021, Hans Rutger Bosker na David Peeters walithibitisha katika Kiholanzi kwamba pigo la mkono laweza kuuhamisha mkazo unaosikika.

Jambo hilo latuhusu. «Barabara» yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia. Mkazo ukiwa katika silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Basi mtafiti anayehifadhi masimulizi ya wazee kwa kanda ya sauti tu aupoteza mkono wa msimulizi, na pengine, pamoja nao, sehemu ya yale waliyoyasikia waliokuwapo.