Kabla ya UKIMWI kulikuwa na "Juliana": Kagera ilimwamini nani?

Wadau, leo turudi nyuma kidogo. Kabla neno UKIMWI halijazoeleka, huku Kagera ugonjwa huo ulikuwa na jina la kike: Juliana. Hakuwa mtu. Kilikuwa kitambaa kilichotamba enzi za magendo ya mpakani na Uganda, baada ya vita ya 1978–79.

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Mtu anakonda, anaharisha, anakufa. Sasa ufanyeje? Maelezo yaliyosambaa fasta yalikuwa haya: wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa mali zao wametuma uchawi. Kwa hiyo nenda kwa mganga.

Usiwacheke. Ushauri ule ulikuwa na kila kitu kinachotufanya tuamini. Ulitoka kwa jirani unayemjua. Ulifanana na kilichoonekana, maana wengi walioanza kuugua walikuwa watu wa biashara, wenye hela. Na daktari je? Dawa hana, na kipimo cha damu chenyewe kilianza kupatikana duniani 1985.

Ila hadithi ile ilikuwa na tundu. Mke ambaye hajawahi kuvuka mpaka, akaugua. Kichanga, akaugua. Waliotibiwa kwa mganga nao wakazikwa. Hao wote walimdhulumu nani?

Mwaka 1987 watafiti wakapima damu za watu wazima mkoani. Bukoba mjini walikuta maambukizi 24.2%. Kwetu Karagwe, ambako enzi hizo Kyerwa ilikuwa ndani yake, 4.5%. Yaani ugonjwa ulikuwa mkubwa zaidi mjini, kwenye mkusanyiko na mzunguko wa watu. Ushauri wa kujikinga ukapata ushahidi ambao mganga hakuwa nao: hesabu. Kufika 1996 Bukoba mjini ilikuwa imeshuka hadi 13.3%. Ndiyo, wengi walikuwa wameshafariki, lakini maambukizi mapya nayo yalipungua sana.

Kwa hiyo mtu akikupa ushauri wa afya, usiishie kuangalia kama unamfahamu au kama ushuhuda wake ni mtamu. Muulize swali moja tu: na yule ambaye hadithi yako haimhusu, mbona naye anaumwa? Akikosa jibu, akaanza kukasirika, shtuka.

Kwenu wazee walikuwa wanasemaje kuhusu Juliana? Dondosha hapo chini tusome.