Tuni za watu waliokimbia: Waayalandi, mandolini, na gitaa la Katanga

Wasikilizaji wa Kindu, na ninyi familia mliokimbilia huku kwetu: Leo ni historia ya muziki, ila inaanza na askari.

Mwisho wa Julai 1960 askari wa Ayalandi waliingia Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Kikosi chao cha kwanza kilitumwa Kivu, na wakati ule Maniema ilikuwa ndani ya Kivu. Tarehe 8 Novemba, huko Niemba upande wa Kalemie, watu 11 walitoka doria, 9 wakauawa. Wengi wetu habari za Waayalandi zinaishia hapo.

Nao pia ni watu wa kukimbia. Kuanzia mwaka 1845 viazi viliozea shambani, watu kama milioni moja wakafa, na zaidi ya milioni wakapanda meli. Wengi wao walikuwa maskini, hawana mzigo wa maana. Tuni za ngoma walizibeba kichwani, maana hazikuwa zimeandikwa: mtoto alizishika kwa sikio, akimsikiliza baba au jirani kwenye fidla au filimbi.

Mmoja wa waliohama ni Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork mwaka 1848, ambaye alifika kuwa mkuu wa polisi wa Chicago. Alipiga filimbi vizuri, ila kuandika noti hakujua. Basi alimwimbia sajenti wake, James O'Neill, na sajenti akaandika. Wahamiaji wengine wa mji ule nao walitoa tuni zao. Mwaka 1903 kikatoka kitabu chenye tuni 1,850. Fikiria: polisi wawili, ugenini!

Sasa mandolini. Ni chombo cha Waitalia, chenye nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili. Zinapangwa sol, re, la, mi, sawasawa na fidla, kwa hiyo tuni ya fidla inahamia hapo bila kubadilisha mahali pa vidole. Shida ni kwamba sauti ya mandolini inakufa upesi. Fidla inavuta sauti kwa upinde; mandolini haina upinde. Mwitalia huutetemesha uzi ili sauti idumu. Mpigaji wa Ayalandi hupenda kugonga mara tatu haraka pale ambapo mpiga fidla angepamba kwa vidole. Miaka ya 1960 Johnny Moynihan akaingiza huko buzuki ya Wagiriki, chombo kirefu zaidi cha ukoo uleule, na kundi la Planxty, lililoanza mwaka 1972, likakisikizisha duniani. Leo wengi wanakiona kama cha Ayalandi tangu zamani.

Kwetu gitaa lilipita njia hiyo. Lilitoka Ulaya, likafika kambi za wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1952, Jadotville, yaani Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda akipiga « Masanga » kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mimi nikiusikiliza nasikia likembe ndani yake, mwingine atabisha. Baadaye Mwenda na Edouard Masengo walifika Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwao.

Nawaandikia haya kwa sababu wengi wenu mliacha vyombo nyumbani. Ngoma, likembe, gitaa, vyote vimebaki au vimechomwa. Tuni bado mnazo, na aliyezishika mara nyingi ni mzee mmoja tu katika familia. O'Neill alihitaji sajenti na karatasi. Sisi tuna simu. Mrekodini hata akiimba kwa mdomo mtupu, na mwanzoni mwa sauti aseme jina la wimbo, kijiji ulikotoka, aliyemfundisha, na ulikuwa wa kazi gani: kupiga kasia, harusi, kutwanga, au matanga.