Hesabu ya Mnyama: Fumbo la Herufi katika Ufunuo wa Yohana

Hapana hesabu iliyowatisha wasomaji wa Biblia kuliko 666, iliyotajwa katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 13. Hofu hiyo si jambo la mzaha. Nchini Uganda wamekuwapo waumini waliokataa kuhesabiwa katika sensa ya mwaka 2014, na hata kuwachanja watoto wao, wakiichelea hesabu hiyo. Sisi walimu wa lugha hapana budi tuwaonyeshe wanafunzi wetu kwamba ishara husomwa kwanza katika lugha iliyoizaa.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kikapelekwa kwa makanisa saba ya jimbo la Asia, nchi iitwayo leo Uturuki. Siku hizo Wayunani na Wayahudi walizitumia herufi kuwa tarakimu, kama ilivyo katika abjadi wanayoijua wazee wa pwani. Kwa hiyo jina lolote liliweza kujumlishwa. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, yameonekana maandishi ya ukutani ya mtu aliyemtaja mpenzi wake kwa hesabu tu: 545.

Basi, jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania huwa N, R, W, N, kisha Q, S, R. Thamani zake ni 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200, jumla 666. Nero alitawala Rumi tangu mwaka 54 hadi 68, naye aliwaua Wakristo baada ya moto wa mwaka 64. Aidha, baadhi ya nakala za kale zina 616, nazo Askofu Irenaeus alizitaja mnamo mwaka 180 akazikataa. Iondoe N ya mwisho ya Neron, kama Warumi walivyolitamka jina hilo, zitapungua 50, na 616 itatokea. Ndiyo sababu wataalamu wengi humwona Nero ndani ya fumbo hili.

Mnyonge hamtaji mtawala katili kwa jina. Humfumba, na mwenziwe akafahamu. Ishara hiyo ilikuwa faraja kwa walioonewa, wala haikukusudiwa kuwazuia wazazi kuwakinga watoto wao na maradhi. Wahenga wetu walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kazi yetu ni kuwalea hao werevu.