Picha Ikitoka Giza, Ngozi Haina Makosa

Wasee, kabla mtu akimbilie krimu ya kujichubua juu ya selfi moja mbaya, asikie hii. Tangu miaka ya 1950, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mzungu, ikaitwa Shirley. Ngozi nyeusi ikitoka kama makaa, nani alijali? Waliosikizwa baadaye ni watengenezaji wa chokoleti na fanicha, bidhaa zao hazikutoka poa. Chokoleti, jameni! Google nao walileta Real Tone kwa Pixel 6 mwaka wa 2021.

Simu yako si hiyo? Jipake mafuta ya nazi kidogo, angalia dirisha, kisha gusa uso wako kwenye skrini ndio kamera ipime mwanga hapo, si kwa ukuta.