Yai Lingojalo Maji

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen, kabla hajafika bonde la Mto Tana, hupita karibu na Gongoni na Kurawa. Huko maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, yakaachwa jua liyakaushe hata ibaki chumvi. Msafiri hudhani hakuna kiumbe awezaye kuishi humo. Kumbe yumo: mnyama mdogo wa jamii ya kamba, urefu wake yapata sentimita 1, jina lake atemia.

Atemia alielezwa kwanza katika viwanda vya chumvi vya Lymington, Uingereza, mwaka wa 1755. Pwani yetu aliletwa katika miaka ya 1980, mayai yake yakitoka Marekani, ili awe chakula cha watoto wa samaki na kamba wanaofugwa. Je, alivukaje bahari asife? Alisafiri amelala.

Maji yakiwa mema, jike huzaa watoto hai. Maji yakiharibika, hutoa mayai yenye ganda gumu. Ndani ya kila yai mna kiinitete chenye chembe hai 4,000 hivi, kilichoanza kuumbwa kisha kikasimama. Mwaka wa 1997 mtaalamu James Clegg alionyesha kwamba viinitete hivyo vyaweza kunyimwa oksijeni miaka 4, kisha vikaamka.

Nini huvilinda? Mwanzo wa jibu ulipatikana kwa mdudu mwingine. Mwaka wa 1962 Ferruccio Ritossa, Mwitalia, alitangaza kwamba joto huziamsha sehemu fulani za kromosomu za nzi wa matunda. Mwaka wa 1974 ikadhihirika kwamba joto hilo huzifanya chembe zitengeneze protini za pekee. Maana protini ni kama uzi uliokunjwa kwa utaratibu. Taabu ikizidi, uzi huvurugika, na nyuzi zikashikamana. Protini za ulinzi huzuia mvurugiko huo.

Katika yai la atemia mlinzi mkuu huitwa p26. Pamoja naye imo sukari iitwayo trehalosi, ishikayo nafasi ya maji yaliyokauka.

Lakini tuangalie jambo moja. Walinzi hawa huwekwa mapema, yai lingali tumboni mwa mama, kabla ya ukavu kufika. Watu wa Garsen, waliozoea mafuriko ya Tana na ukame unaofuata, hawatashangaa. Akiba huwekwa siku za maji.